Moyo wa Mtihani

Mzee Lo Wing-cheuk alikuwa na moyo mbovu, na alijivunia sana moyo huo. Wenzake walijivunia watoto waliosoma au nyumba zenye lifti. Yeye watoto hakujaliwa, na nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tano katika jengo la zamani la mtaa wa Sham Shui Po, jengo lisilo na lifti wala mpango wa kuwa nayo. Alichojaliwa ni vali iliyokakamaa pale damu inapotokea moyoni kwenda mwilini, na vali hiyo ilimpa heshima ambayo maisha mazima ya kukata bata bukini wa kuchoma hayakumpa.

Habari ilianza zamani, siku panga la dukani lilipomkosa bata likampata yeye kidole. Akakimbizwa hospitali kubwa ya Kowloon damu ikimchuruzika, akashonwa, na wakati anasubiri karatasi za kuondokea akapita daktari mwanafunzi ambaye siku hiyo hakuwa na la kufanya. Kijana akamwekea stetoskopu kifuani, mradi tu aonekane na kazi. Macho yakamtoka. Akaenda kumwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine, na kabla ya saa kumi jioni palikuwa na foleni ya makoti meupe kutoka kitandani kwa Lo mpaka nje ya mlango. Lo alikuwa amezoea foleni, lakini foleni zote alizowahi kuziona zilikuwa za bata. Hii ilikuwa ya kwake.

Mwisho wa foleni akaja Profesa Auyeung, wakati ule nywele zake bado nyeusi. Hakuanza na stetoskopu. Aliweka kiganja kifuani kwa Lo, akafumba macho kama mtu anayeonja supu, kisha akawaambia wanafunzi, "Wekeni mkono hapa, mmoja mmoja. Mnahisi unavyotetemeka? Sasa sikilizeni mvumo wake, unavyopanda mpaka shingoni. Mtasoma vitabu mchoke, lakini moyo kama huu mtakutana nao kwa bahati." Katika maneno yote hayo Lo alishika mawili tu, moyo na bahati, na yalimtosha. Alirudi nyumbani na bendeji kidoleni, kichwa kimevimba kuliko kidole.

Toka hapo akawa mgonjwa wa mtihani. Madaktari wanaotaka kuwa mabingwa hupitishwa kwenye vitanda vilivyozungushiwa pazia. Kila kitanda kina mgonjwa, na kando yake watahini wawili na karatasi zao. Mtahiniwa ana macho yake, mikono yake na masikio yake, basi. Kwenye kitanda cha moyo haruhusiwi kumwuliza mgonjwa habari za ugonjwa wake, wala mgonjwa haruhusiwi kumwambia. Swali moja tu la adabu huruhusiwa, nalo huulizwa kabla ya kugusa: kuna mahali panauma? Mgonjwa hujibu hapana, hata kama panauma, na kazi inaanza.

Lo alikuwa na kipaji cha kazi hiyo. Alilala vizuri, alivuta pumzi akiambiwa avute na kuibana akiambiwa aibane, na uso wake haukumfichulia mtu jibu. Kila msimu wa mitihani jina lake lilikuwa la kwanza kukumbukwa. Watahiniwa nao si wajinga. Walipokezana habari kwenye kantini na kwenye simu zao: ukimkuta mzee mwenye chunjua kidevuni lenye unywele mmoja mrefu, usihangaike, huyo ni vali ya kutokea, mvumo mkubwa, mtetemo, sema hivyo utoke. Kwa hiyo wengi walimpima Lo wakiwa wameshamaliza kumpima tangu nyumbani. Yeye alilijua hilo na halikumwudhi hata kidogo. Unywele ule alikataa kuukata.

Kwenye mgahawa wa chai wa mtaani walimwita Profesa. Rafiki yake Hui, fundi cherehani mstaafu, ndiye aliyemwanzishia jina hilo.

"Kaka Lo, wangapi leo umewafaulisha?" Hui aliuliza kila msimu, akimmiminia chai.

"Mimi sifaulishi mtu. Moyo ndio unafaulisha."

"Basi mwambie huo moyo ulipe chai leo."

Tatizo ni kwamba vali ya namna ile haikakamai ikaishia hapo. Inazidi. Madaktari wa kliniki walimweleza hivyo kwa upole, halafu kwa ukali, halafu kwa mchoro wenye mishale. Walitaka kumwekea vali mpya. Lo aliwasikiliza, akakubali kwa kichwa, akaenda zake. Siku moja aliuliza swali lake moja la maana: wakishaiweka hiyo mpya, mvumo utabaki? Daktari akafurahi, akadhani anampa habari njema, akamwambia utaondoka kabisa. Lo hakukanyaga tena kliniki. Lakini mtihani hakukosa hata mmoja, hata ule ulioangukia siku ya tufani.

Mkewe, Bi Ngan, alikuwa amechoka kuliongea jambo hilo, na alikuwa akiliongea kila siku.

"Ukitengenezwa utapungukiwa nini?"

"Nani ataniita?"

"Nitakuita mimi. Kila siku nakuita chakula tayari, huitiki."

Mwaka ule, baada ya Mwaka Mpya, ngazi zilianza kuwa ndefu. Mara ya kwanza Lo alisimama ghorofa ya pili, akalisingizia gunia la mchele. Mara ya pili hakuwa na gunia, akayasingizia maandazi ya mvuke aliyokula kwa Hui. Kisha ikaja Jumanne ambayo alifika ghorofa ya tatu, taa zikazimika kichwani mwake, na alipopata fahamu alikuwa amekaa kwenye ngazi, shavu limeegemea ukuta, na paka wa jirani anamtazama. Akajikaza kisabuni, akapanda zilizobaki akishika ukuta.

Kulikuwa na jambo lingine, na hili hakulisema kwa mtu yeyote. Kwa miaka mingi alipolala alikuwa akiweka kiganja kifuani, akahisi ule mtetemo aliousifu Profesa Auyeung, akapata usingizi akijua bado yeye ni mtu mwenye kitu. Sasa aliweka kiganja na hakuhisi kitu. Alikisogeza juu, akakisogeza chini. Alijiambia amenenepa. Uzito wenyewe ulikuwa umepungua mpaka mkanda wa suruali ulitobolewa tundu jipya, lakini mtu akiamua kujidanganya haendi kutafuta mizani.

Asubuhi ya mtihani Bi Ngan alimwekea uji wa mchele mezani, akakaa mbele yake badala ya kwenda jikoni. Lo akajua leo kuna kikao.

"Jumanne ulikaa ngazini unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta funguo."

"Funguo gani, na mlango nilikuwa nimekufungulia mimi? Mama wa ghorofa ya tatu kanieleza. Kasema ulikuwa mweupe kama huo uji."

"Yule mama naye, hana televisheni nyumbani?"

"Leo si unakwenda kwa madaktari? Waambie."

"Leo ni mtihani. Hairuhusiwi kusema."

Bi Ngan alisema polepole, "Yaani umezungukwa na madaktari siku nzima, wanakushika kifua mmoja baada ya mwingine, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo huruhusiwi kusema unaumwa." Alichukua bakuli ambalo Lo hakulimaliza. "Na wewe unaona ni heshima."

Lo alitafuta viatu.

Hospitalini Sista Kiu, msimamizi wa mtihani, alimpokea, akampa gauni na kumlaza kwenye kitanda cha moyo, mgongo umeinuliwa nusu kama inavyotakiwa.

"Sheria unaijua, Mzee Lo."

"Niliijua kabla wewe hujaajiriwa."

Ipo sheria nyingine inayowahusu watahini. Kabla mtahiniwa wa kwanza hajaingia, wote wawili wanapaswa kumpima mgonjwa wenyewe, kila mmoja peke yake, kisha wakubaliane nini kinasikika na nini hakisikiki, waandike. Ni sheria nzuri sana, na iliwekwa na mtu ambaye hakuwa na haraka. Profesa Auyeung alikwama kwenye foleni ya magari ya kuingia handaki, akafika watahiniwa wameshajipanga ukumbini.

"Huyu tumpime nini?" alisema, akimpiga Lo begani kwa mapenzi ya kweli. "Moyo wa Mzee Lo naujua kuliko wa mke wangu." Hata hivyo alitimiza sheria. Aliweka stetoskopu juu ya gauni, na huku imetulia hapo akamlalamikia Sista Kiu kwamba nafasi yake ya kuegesha gari imepewa mtu wa uhasibu. Malalamiko yalipoisha aliitoa, akamsomea mwenzake cha kuandika: mvumo mkubwa, mtetemo dhahiri, hadi shingoni.

Mwenzake alikuwa Daktari Mok, mtu mwangalifu wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Auyeung, na ndani ya nafsi yake bado ni mwanafunzi. Mok alisikiliza. Akakunja uso, akatoa stetoskopu masikioni, akaigonga kwa ukucha, akarudisha. Akaweka kiganja kifuani kwa Lo, akangoja. Kisha alimtazama Profesa, ambaye alikuwa anasafisha miwani. Katika hospitali ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia Auyeung kwamba hakusikia alichosikia Auyeung. Mok alikata shauri kwamba masikio yake yanazeeka. Akatia saini.

Lo aliuona uso ule ulivyokunjamana. Aliamua kutazama dari.

Wa kwanza kuingia alikuwa kijana mrefu, Daktari Szeto, amevaa tai mpya. Alinawa mikono, akainama kwa heshima, macho yakaenda moja kwa moja kwenye chunjua. Mabega yake yakashuka kwa nafuu, Lo akaona.

"Shikamoo, babu. Kuna mahali panauma?"

"Hapana."

Szeto alifanya yote kwa mpangilio na kwa madaha, akiwageukia watahini ili waone mpangilio na madaha. Mkono wake ulipita kifuani kwa Lo kama mtu anayefuta vumbi mezani. Kisha alisimama wima, mikono nyuma, akaanza kutoa maelezo kwa Kiingereza. Lo hakujua Kiingereza, lakini maelezo yale alikuwa ameyasikia mara nyingi kiasi kwamba aliyafuata kama watu wanavyofuata dua za hekaluni, bila maana yake, akijua tu wapi sauti inapanda. Ilipanda penye mvumo. Ikapanda tena penye mtetemo. Profesa akatabasamu.

Kwa kawaida hapo Lo alijisikia mkubwa. Safari hii hakujisikia hivyo. Asubuhi ile ile, chooni, alikuwa ameweka kiganja chake mwenyewe mahali pale pale, na hapakuwa na mtetemo wowote. Kijana amehisi kitu ambacho mwenye kifua hakukihisi. Lo alijaribu kujiambia kwamba mikono ya madaktari ina ujuzi zaidi. Hakufanikiwa sana.

Wa pili alikuwa binti mfupi, nywele zimelowa mvua, anaitwa Yim Suet-wah. Alitoka hospitali ndogo ya kisiwani, ambako hakuna kantini ya kupeana habari, na chunjua hakulitazama zaidi ya ustaarabu unavyoruhusu. Alisalimia, akauliza kama kuna mahali panauma, akajibiwa hapana. Halafu akashika kifundo cha mkono wa Lo, akakaa nacho. Alikaa nacho mpaka Lo akageuka kumtazama. Macho ya binti yalikuwa shingoni kwake, kwenye mshipa, na midomo yake ilikuwa imefungwa kwa nguvu.

Aliweka kiganja kifuani. Akakitoa, akasugua mikono kuipasha joto, akakirudisha. Akasikiliza hapa na pale. Akamwomba akae, ainame mbele, atoe pumzi yote na kuibana. Zamani Lo alikuwa hodari wa kubana. Sasa alikohoa, na kikohozi kikazaa kingine. Binti akangoja. Hakugeuka kuwatazama watahini, hakutazama saa, alisimama tu na mkono mgongoni kwake mpaka pumzi ikarudi. Katika misimu yote, Lo hakukumbuka mtu aliyewahi kumngoja. Kisha akasikiliza chini ya mapafu, huku na huku, na akamlaza taratibu.

Maelezo yake Lo hakuweza kuyafuata. Yalianzia pengine, na mahali pa kupanda, sauti ilishuka. Profesa alimkatiza, na kwa hasira akakiacha Kiingereza.

"Mtetemo?"

"Sikuupata, Profesa."

"Mvumo?"

"Upo, ila mdogo, na unachelewa. Sauti ya pili ya moyo karibu haipo kabisa. Mshipa wa shingo umejaa, na chini ya mapafu kuna maji. Nafikiri vali imebana sana na moyo umechoka kusukuma. Mvumo umepungua kwa kuwa damu inayopita ni kidogo, si kwamba kapata nafuu."

"Msikilize tena."

Alimsikiliza tena. Mok alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Haya. Unasikia nini?"

"Kile kile, Profesa."

"Moyo huu nimeanza kuusikiliza wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Ndiyo, Profesa."

"Na bado ni mdogo?"

"Bado ni mdogo."

Lo alijisikia ametukanwa. Mdogo. Mbele ya watu, moyo ambao foleni yake iliwahi kufika mlangoni. Alikuwa anatafuta namna ya kumtazama binti yule kwa dharau bila kuvunja sheria, ndipo binti mwenyewe akaivunja. Alimwinamia, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Babu, ukipanda ngazi unapata kizunguzungu? Umewahi kuzimia?"

Nyuma ya pazia kalamu ya Sista Kiu ilisimama.

"Kuuliza hairuhusiwi," alisema Profesa.

"Najua, Profesa. Nitakosa alama. Naomba tu ajibu."

Lo aliiona ghorofa ya tatu, ukuta baridi na paka. Aliona pia kitakachofuata akisema: kisu, vali mpya, kifua kimya, na msimu ujao kitandani pale amelazwa mtu mwingine. Profesa alikuwa amemkazia macho, na macho hayo yalijua jibu tayari, yalingoja alithibitishe tu. Watu walikuwa wamemzunguka, wote wananyamaza kwa ajili yake. Hakuwahi kupata usikivu kama ule.

"Mimi? Ngazi napanda kama mbuzi."

Profesa akacheka. Kengele ya kumaliza muda ikalia. Lo aliona kalamu ya Profesa ikipita kwenye karatasi ya binti kwa mstari mmoja mrefu, na kalamu ya Mok ikifuata nyuma, polepole. Binti aliinama kwa watahini. Kisha alirudi kitandani, akamfunga Lo kamba ya gauni iliyokuwa imefunguka mgongoni, jambo lisilo na alama.

"Leo usipande ngazi, babu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata kama unapanda kama mbuzi. Tafadhali." Akatoka.

Mchana wakaleta chakula, wali na nyama ya nguruwe ya kuchoma, kwenye boksi. Kwa jinsi nyama ilivyokatwa Lo aliona aliyeikata hakuwa na panga kali, na siku nyingine angelisema hilo mpaka jioni. Leo alifunika boksi. Aliona aibu. Alikuwa amemwongopea mtu pekee aliyemngoja apumue, na alijua amefanya hivyo kwa ajili ya nini: apewe chakula cha boksi msimu ujao na aitwe Profesa kwenye mgahawa.

Auyeung mwenyewe alipita, kijiti cha meno mdomoni.

"Profesa," Lo alimwita. "Moyo wangu bado una sauti?"

"Kama ngoma," alisema Auyeung bila kusimama.

Lo alilijua jibu lile. Alikuwa amelitoa yeye mwenyewe kila siku ya kazi, mteja alipouliza kama bata ni wa leo. Wa leo, mama, alijibu, bila hata kugeuza shingo kuangalia bata aliyetundikwa.

"Rudi unisikilize."

"Tumekusikiliza asubuhi, Mzee Lo."

"Asubuhi ulikuwa unasikiliza habari za maegesho."

Sista Kiu alijitia anahesabu magauni. Auyeung alisimama, akageuka, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akarudi. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akafungua gauni, akaweka kiganja kifuani kama siku ile ya kwanza, akafumba macho. Kijiti kiliacha kutembea mdomoni. Akakisogeza kiganja. Akaweka stetoskopu kwenye ngozi, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza, akamwinua na kumsikiliza mgongoni. Alipomaliza alikuwa amezeeka, na mkono wake ulikuwa bado umeshika bega la Lo.

"Hii imeanza lini?"

"Kuuliza hairuhusiwi," alisema Lo.

"Jibu, ndugu yangu."

"Tangu Mwaka Mpya. Nimeshazimia ngazini. Juzi Jumanne."

Auyeung alitenda haraka, na vizuri. Kiti cha magurudumu kikaja, wodi ikapigiwa simu, daktari wa upasuaji akatafutwa, na Lo akakubali kila alichoulizwa kwa neno moja, ndiyo. Alikuwa na woga mkubwa na hakuona sababu ya kuuficha tena. Mambo yote yalipokuwa yamekaa sawa, Profesa alimgeukia Mok.

"Andika kwamba hali ya mgonjwa imebadilika ghafla wakati wa chakula cha mchana. Asitumike alasiri."

Mok akaandika.

"Haikubadilika mchana," alisema Lo kutoka kwenye kiti. "Yule binti aliwaambieni. Alisema kila kitu. Mimi ndiye niliyemwongopea."

"Karatasi zake zimeshatiwa saini na watu wawili, Mzee Lo. Na zilikuwa sahihi wakati zinaandikwa."

"Zilikuwa sahihi vipi?"

Profesa alivua miwani, ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaisafisha. Sista Kiu aliinama sikioni kwa Lo na kumkumbusha, kwa upole wa mtu anayemsaidia mwenzake asijiaibishe, kwamba mgonjwa wa mtihani haruhusiwi kuzungumzia ugonjwa wake mbele ya watahini.

"Mimi si mgonjwa wa mtihani," alisema Lo. "Naumwa."

Daktari Mok alifungua kinywa, na kwa kitambo kidogo Lo alidhani atasema alichokuwa nacho tangu asubuhi. Mok akakifunga. Akashika kiti, yeye mwenyewe akamsukuma Lo mpaka kwenye lifti, na hapo mlangoni akamtengenezea blanketi magotini mara mbili.

Bi Ngan alifika wodini jioni na ndala na chupa ya supu ya kuku. Alikuta mumewe ana waya kifuani na mpira wa hewa puani. Akavuta kiti, akakaa.

"Wanasema umekubali vali."

"Nimekubali."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Akafungua chupa, akammiminia. Machozi yalikuwa karibu, akayageuza ugomvi kama kawaida yake. "Mimi nimekubembeleza mpaka meno yameng'oka, hukusikia. Haya niambie nimpelekee machungwa ya shukrani. Nani kakushawishi? Profesa wako?"

"Wala. Binti mmoja mdogo. Kafeli mtihani leo asubuhi."

"Daktari aliyefeli ndiye umemwamini? Kafeli kwa nini?"

Lo alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

"Alinisikiliza vizuri," alisema. "Nami nikasema uongo."